Nyumba Isiyojua Kitu

Shuka za gesti hazina siri. Atakayekuambia vingine hajawahi kuziinamia kwenye beseni. Shuka husema yote: nani alilala, nani hakulala, nani alilia, nani alikula karanga kitandani na kufuta mikono pale pale. Shangazi alikuwa amezisikiliza shuka za nyumba ile kwa miaka mingi, mpaka akazichoka kama mtu anavyomchoka jirani mbea.

Alikuwa shangazi wa nani, hakuna aliyejua. Mwenye nyumba alimwita Shangazi, mlinzi alimwita Shangazi, wateja nao wakadaka. Gesti yenyewe ilikuwa nyuma ya maghala ya nafaka, ina vyumba vinane na korido moja ndefu isiyo na dirisha, taa inawaka mchana kutwa. Ukuta ulipakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi kiunoni ili uchafu usionekane, na uchafu ulionekana vile vile. Nje kulikuwa na kibao: "Malazi safi kwa familia." Hizo familia sijui zilikuwa zinapita mlango gani.

Waliokuja ni wanawake waliokuwa wakijiuza pale maghalani, na wanaume wao wa saa moja. Waliingia mchana, madereva na wapakizi wakiwa wamepumzika, na kila mtu alijifanya hamnazo. Mapokezi wanatoa ufunguo na taulo. Shangazi anabaki na ndoo yake.

Lakini kulikuwa na utaratibu wa maji. Ulianzishwa na Shangazi mwenyewe, siku aliyomkuta msichana mmoja amejifungia chooni, jino mkononi. Tangu hapo, mwanamke akishaingia chumbani na mgeni, baada ya muda kidogo Shangazi anapita na jagi. Anagonga. Anasema, "Maji." Mwanamke akijibu, "Weka hapo," basi kumetulia, Shangazi anaweka jagi na kwenda zake. Akijibu, "Nimeshakunywa," Shangazi anaanza kupiga mlango kwa mpini wa fagio na kupayuka kwamba bomba limepasuka, watu watoke, vyombo vinaelea. Mlinzi anakuja mbio. Hakuna mwanamume anayebaki na hasira mbele ya mafuriko. Mmoja alitoka amevaa shati la mwanamke, akavuka barabara hivyo hivyo, na wanawake walimcheka hadi wakakaa chini.

Na akinyamaza kabisa, Shangazi ana ufunguo wa akiba. Utaratibu ulikuwa huo tu. Haukuandikwa popote, na ulifanya kazi.

Kisha likaja suala la muswada. Bunge lilitaka kuamua kama biashara ya kujiuza ihalalishwe au iachwe kuwa kosa kama ilivyokuwa, na nchi nzima ikapata la kusema. Redio ya mapokezi haikuwa na wimbo tena, ilikuwa mabishano asubuhi hadi jioni. Mtu hajawahi hata kumsalimia kahaba, lakini ana maoni yake kamili, na ya ziada.

Hata wenyewe walibishana. Walikuwa na benchi lao uani, chini ya kamba za nguo, na Shangazi aliwasikia akiwa anakamua foronya.

"Wakipitisha, polisi watakoma kutukimbiza," alisema Bonge, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki. "Mtu akinipiga, naenda kituoni kifua mbele. Nafungua kesi kama raia mwingine."

"Utaenda na kitambulisho," alimjibu Mwalimu. Huyu aliwahi kufundisha chekechea, shule ikafungwa, lakini alibaki na tabia ya kusahihisha watu. "Kina majina yako yote matatu, na picha yako umevaa blauzi ya heshima, na chini wameandika kazi. Halafu mwanangu aulizwe darasani, mama yako anafanya kazi gani? Aseme nini?"

"Aseme mfanyabiashara."

"Wa nini?"

"Wa jumla na rejareja."

Walicheka wote, hata Shangazi, ingawa alijitia kuikunjia uso foronya.

"Kwa hiyo unataka waendelee kutufunga?" Bonge akauliza.

"Nani kasema hivyo? Mimi leseni siitaki, na jela siitaki," Mwalimu alisema, akiwa ameacha kucheka. "Nataka nikipiga kelele, mtu aje. Basi. Mbona hilo halimo kwenye muswada wao?"

Nyumbani nako Shangazi hakupumua. Aliishi kwa binti yake, na mkwewe alikuwa na duka la dawa, mtu wa kuheshimika, mwenyekiti wa hiki na kile. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Magoti ya Shangazi yalipoanza kuuma, mkwe ndiye aliyemletea dawa ya kuchua, na kila jioni alimuuliza hali yake kabla ya kukaa mezani. Tatizo ni kwamba aliamini mama mkwe wake anafanya kazi katika hoteli ya mikutano. Shangazi ndiye aliyemwambia hivyo siku ya posa, na uongo wa siku ya posa huutoi tena.

"Mama," mkwe alikuwa akisema, huku akimkaribisha chakula kwa mikono miwili, "hawa wanawake wakihalalishwa, tumekwisha. Mtu anachagua uchafu, halafu anataka serikali imfulie?"

Shangazi alimeza tonge. Mkwe habishiwi. Na kuhusu kufuliwa, yeye alikuwa na habari kuliko mkwe alivyodhani.

Balaa lilianza siku Bosi, yaani mwenye nyumba, aliporudi kutoka kwa wakili wake. Alimwita Shangazi mapokezi, akapunguza redio, akafunga mlango.

"Shangazi, kuna jambo. Wakati huu wa muswada polisi wanatafuta mahali pa kuonyesha kazi. Wakili amenieleza vizuri sana. Sheria iliyopo inasema mwenye nyumba anayejua kinachofanyika ana hatia. Mfanyakazi anayejua, hatia. Asiyejua hana kosa. Umenipata?"

"Nimekupata, Bosi."

"Kuanzia leo sisi hatujui kitu. Mgeni anachukua chumba, sisi tunalaza wageni. Kwa hiyo habari ya maji iishe."

"Maji yana nini?"

"Maji ndiyo kujua kwenyewe!" Bosi alipiga meza, kisha akajirudi na kushusha sauti. "Fikiria, Shangazi. Nani anagonga mlango wa mgeni kumuuliza kama ni mzima, kama hajui nani yuko ndani na anafanya nini? Hakimu akisikia hayo, mimi na wewe tumekwenda na maji. Gonga wakishatoka. Nikikukuta unagonga kabla, itabidi tuagane, na sitapenda."

Hakuwa anatania. Shangazi alimjua Bosi anapotania.

Aliwaambia wanawake uani. Bonge alitukana, akatukana tena, akaishiwa. Mwalimu alimgeukia Shangazi.

"Usiache kugonga, Shangazi," alisema.

"Ngoja haya mambo yapoe, mwanangu. Muswada ukipita au ukianguka, tutarudi kama zamani."

"Na mimi nife kwa sasa, nifufuke bunge likishapiga kura?"

Alisema kwa mzaha, na Shangazi akamwambia aache mdomo mchafu. Siku zikapita bila maji. Hakuna kilichotokea, na Shangazi akaanza kujidanganya kwamba labda hakuna kitakachotokea.

Kulikuwa na mteja mmoja ambaye wanawake walimwita Bwana Asante. Aliuza mitungi ya gesi katika duka lake la kona karibu na soko, mtu mpole, kidevu kimenyolewa safi. Ukimpa ufunguo, asante. Ukimpa taulo, asante sana. Ukimpisha koridoni, asante, Mungu akubariki. Lakini Shangazi alikuwa amewahi kufua shuka zake. Safari moja msichana alitoka kwake mdomo umevimba, akasema amejigonga kwenye kitasa. Safari nyingine foronya ilikuwa imetafunwa meno hadi ikatoboka, na haikutafunwa na mtu mwenye raha. Wanawake walianza kumkwepa. Lakini wiki ile polisi walikuwa wamefagia eneo lote la maghala, wateja wamekimbia, na mtoto wa Mwalimu alikuwa na homa nyumbani.

Mwalimu aliingia naye alasiri. Walipopita koridoni, Mwalimu alibaki nyuma kidogo, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Shangazi. Leo gonga."

Shangazi alitikisa kichwa kukubali. Alikubali, hilo msilisahau, maana yeye mwenyewe hakuweza kulisahau.

Wakaingia chumba cha mwisho. Shangazi alijaza jagi. Alisubiri kiasi kile cha siku zote, akashika njia ya koridoni. Mapokezi Bosi alikuwa amekaa na redio yake, mlango wazi, na redioni mheshimiwa mmoja alikuwa anasema kwamba utu wa mwanamke ndio kiini cha mjadala huu. Mheshimiwa mwenzake alisema hapana, kiini ni uhuru wa mwanamke. Wakawa wanavutana hapo.

Shangazi alifika mlangoni na kuinua mkono. Ndani kulikuwa kimya. Si kile kimya cha watu waliopumzika. Nyuma yake Bosi akakohoa.

Akageuka. Bosi alikuwa amesimama mwanzo wa korido, mikono mfukoni. Alimtazama tu Shangazi, akalitazama jagi.

Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Alifikiria magoti yake, umri wake, na nani atamwajiri. Alimfikiria mkwewe akisoma gazetini kwamba mama mkwe wake amekamatwa kwenye danguro. Mambo yote hayo yalipita kichwani, na kila moja lilikuwa kweli. Akashusha mkono. Akarudi uani na jagi lake, akamwaga maji kwenye mtaro na kuendelea kuanua nguo.

Baadaye Bwana Asante alitoka peke yake. Alimkuta Shangazi karibu na mlango wa nyuma.

"Dada kalala kidogo, kachoka," alisema. "Asante, mama."

Shangazi alikimbia. Magoti hayakumuuma hata kidogo. Mwalimu alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, kamba ya pazia shingoni, kiatu kimoja mguuni. Kucha zake zilikuwa zimechimba rangi ya kijani ukutani mpaka plasta ikaonekana. Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka pale. Alikuwa ameukaribia.

Shangazi alikaa chini, akamweka kichwa mapajani na kumwita. Alimwita Mwalimu, kisha akagundua kwamba jina lake la kweli halijui, akaendelea kumwita Mwalimu.

Polisi walipokuja, Bosi alikuwa ameshamkalisha Shangazi mapokezi na kumpa soda. "Alikuja peke yake," alimnong'oneza. "Hukuona mtu. Ukisema ulimwona mwanamume, watauliza ulidhani wanakwenda kufanya nini. Ukijibu hilo, umejifunga mwenyewe. Mimi nimekuonya kama ndugu."

Mpelelezi alikuwa kijana mwenye kofia, mchovu, si mkali. "Mama, uliona mtu akiingia naye?"

"Sikuona."

"Akitoka?"

"Sikuona, baba."

Akatia sahihi. Herufi zilinyooka, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Kifo kile kikawa mali ya watu. Redioni waliopinga muswada walisema, mnaona mwisho wa uchafu? Waliouunga mkono walisema, mnaona mwisho wa sheria mbovu? Walimwita "mwanamke yule", walimtaja kila asubuhi, walimlilia kwa ufasaha. Muuaji hakuna aliyemuulizia. Ungedhani Mwalimu alinyongwa na kifungu cha sheria.

"Inasikitisha, Mama," mkwe alisema mezani. "Lakini na yeye alitafuta nini kule?"

Shangazi aliweka kijiko chini. "Alitafuta dawa ya homa ya mtoto," alisema.

"Umejuaje, Mama?"

"Nimesikia redioni."

Alikwenda kituo cha polisi siku moja, peke yake. Askari wa kaunta alimsikiliza hadi alipofika kwenye neno "namjua", akauliza, "Wewe ulimjulia wapi?" Shangazi akasema amesahau kitu nyumbani, akatoka.

Wiki hiyo hiyo Bonge alimfuata uani, akakaa benchini bila kusalimia.

"Yuko gesti ya kule ng'ambo ya barabara sasa. Bwana Asante. Jana kamchukua yule binti mgeni, mdogo mdogo yule. Karudi, lakini hawezi kumeza hata uji. Shingo imebadilika rangi." Bonge alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi nikienda kusema, nani atanisikiliza? Watanifunga kwanza. Wewe ni mama wa watu. Una mkwe."

"Ndiyo. Nina mkwe," alisema Shangazi.

Usingizi haukumjia. Ilikuwa wazi kama mchana: asiposema, mtu yule ataua tena, na safari hiyo Shangazi hatakuwa amekatazwa na Bosi wala nani. Atakuwa amenyamaza mwenyewe, kwa hiari yake.

Kamati ya Bunge ilikuja kukusanya maoni ya wananchi katika ukumbi wa mji. Shangazi alisikia kwamba polisi watakuwepo, waandishi watakuwepo, na kila mtu ana ruhusa ya kusema. Akawaza: nikisema mbele ya wote hao, hawataweza kujifanya hawakusikia. Alivaa gauni lake la harusi za watu, akakaa nyuma kabisa.

Mkwe wake alikuwa mbele. Alisoma maoni yake kutoka kwenye karatasi, yamepangwa vizuri, ya kupinga, na akapigiwa makofi. Alipogeuka kurudi kwenye kiti alimwona mama mkwe wake amesimama kwenye foleni ya kipaza sauti. Alitabasamu kwa fahari. Masikini, alidhani amekuja kumuunga mkono.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mwenye miwani na sauti ya upole. "Karibu, mama. Kwa kifupi tafadhali, wengi wanasubiri."

"Mimi nafua shuka," Shangazi alianza. Kipaza sauti kilikuwa juu mno, mtu akamshushia. "Nafua shuka kwenye gesti nyuma ya maghala. Nimewaambia watu wangu kwamba ni hoteli. Si hoteli. Ni ile gesti alikofia yule mwanamke mnayemsema."

Hakumtazama mkwewe, maana angemtazama sauti ingekatika.

"Wanawake wanaojiuza wanaingia pale, na mimi najua. Nimejua miaka yote. Nilikuwa nawagongea mlango nijue kama ni wazima, nikakatazwa, nikaacha. Siku ile aliniomba nigonge. Nilifika mlangoni, sikugonga. Polisi niliwaambia sikuona mtu. Nilimwona. Namjua. Anauza mitungi ya gesi pale kona ya soko, duka lina mlango wa..."

"Mama," mwenyekiti alimkatiza, bado kwa upole. "Pole sana kwa yaliyokupata. Lakini kanuni zetu haziruhusu kumtaja mtu ambaye hayupo hapa kujitetea. Tuko kwenye muswada. Je, unauunga mkono au unaupinga?"

"Bado anawachukua wanawake. Kuna binti shingo yake..."

"Unaunga mkono, mama, au unapinga?"

Shangazi alitazama meza ile ndefu, chupa za maji, nyuso zilizomsubiri. Hakuziona kuwa nyuso mbaya. Zilitaka tu neno moja, ili zipumzike.

"Nataka akamatwe," alisema.

Mwenyekiti alimgeukia karani. "Andika hana msimamo. Anayefuata."

Njia ya kutokea ilipita kando ya kiti cha mkwe. Alikuwa ameinama, anaikunja karatasi yake, anaikunjua, anaikunja tena. Jirani yake alimuuliza kitu sikioni, akatikisa kichwa kukataa. Shangazi alisikia wazi alivyosema: "Hapana, simfahamu." Hakumlaumu. Alipita kama watu wanavyompita mtu wasiyemfahamu, ili maneno yake mkwewe yawe kweli.

Mlangoni alikuwepo yule mpelelezi, kofia mkononi safari hii. Shangazi alimshika mkono wa shati, jambo ambalo katika maisha yake hakuwahi kumfanyia askari.

"Baba, umesikia. Nitakupeleka mwenyewe. Saa hizi yuko dukani, ukichelewa atafunga aende ng'ambo kule. Twende sasa hivi."

"Nimesikia, mama. Twende kituoni kwanza."

"Kituoni kufanya nini? Duka liko huku."

"Ulitoa maelezo ya uongo kwa polisi. Na unafanya kazi kwenye danguro na unajua ni danguro. Itabidi tuanze na wewe."

"Anza na mimi, sikatai. Lakini yeye ndiye aliyeua."

Kijana yule aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Shangazi. Hakufurahia kusema aliyoyasema, na aliyasema.

"Huenda, mama. Lakini yeye hajakiri kitu. Wewe umekiri, na ukumbi mzima umesikia."